Dogo akikosea, si lazima lupango

Chukulia dogo wa miaka 15 amempiga makofi mwenzake uwanjani pale Tukuyu, na simu ya mwenzake imevunjika. Wengi tutasema: polisi, kesi, lupango! Wanachuo wenzangu, ngojeni kwanza.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Na kwa shambulio la kawaida, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano na fidia. Kwa hiyo kupatanisha si kukwepa sheria.

Kwetu Rungwe wazo hili si geni. Zamani wavulana wa Kinyakyusa, wakifika miaka kama 10, walijenga vibanda vyao na kuishi kijiji cha rika, huku wakila na kulima kwa wazazi. Malezi ya kijana hayakuishia kwa baba na mama.

Usuluhishi mzuri una hatua zake. Aliyeumizwa anasema kwanza. Dogo anakiri kwa hiari. Akikana, ana haki ya kusikilizwa mahakamani. Kisha wanakubaliana: ataombaje radhi, simu italipwaje, kwa kazi gani, na nani atafuatilia.

Ninachokipinga ni ile "tuyamalize kifamilia". Binti amebakwa, wazee wanapokea ng'ombe, yeye mwenyewe hajaulizwa. Huko ni kuficha jinai. Ukiitwa kwenye kikao kijijini likizo hii, uliza swali moja tu: aliyeumizwa amesemaje?