DVD ya harusi imeanza kukwama? Ihamishie kwenye simu

Msikilizaji, deki iliharibika zamani, lakini DVD ya harusi au ya mazishi ya mzee bado iko kabatini. Huenda ni humo tu sauti yake ilimobaki. Diski ya kuchomwa huharibiwa na joto, mwanga na mikwaruzo, kwa hiyo usingoje.

Kwanza ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. DVD husomwa kuanzia katikati. Picha ikikwama mwishoni, tazama alama za vidole ukingoni.

Kisha mpelekee fundi wa kompyuta, iwe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na video yake ni ya mfumo wa MPEG-2, ambao simu nyingi hushindwa kuufungua. Inabadilishwa kuwa MP4, ambayo pia huchukua nafasi ndogo. Fundi mwenye diski nyingi huandika amri mara moja kwenye faili dogo la maandishi: nakili, badilisha, toa diski. Kompyuta hufanya yenyewe, naye anahudumia wateja wengine.

Kwa diski yenye mikwaruzo, mwombe atumie programu ya ddrescue. Huchukua kwanza sehemu nzima, halafu hurudia zile zilizogoma. Wengine wakiona imegoma mara moja wanakuambia imekufa. Usikubali haraka hivyo.

Filamu za Bongo ni habari nyingine: kuzinakili na kuziuza bila ruhusa ya mwenye kazi ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Weka nakala mbili, moja kwenye memori kadi yako, nyingine kwenye flashi ya ndugu. DVD yenyewe usiitupe.