Tekineti: Elementi ya Kwanza Kutengenezwa na Binadamu

Katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kuna bonge kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Bonge hilo huitwa Kimondo cha Mbozi. Mwanafunzi aishiye Ihanda, katika wilaya hiyo, huenda amekwisha kwenda kukitazama pamoja na mwalimu wake. Katika kila kilo kumi za kimondo hicho, karibu kilo tisa ni chuma. Sehemu kubwa ya kilo inayobaki ni nikeli.

Chuma cha kimondo kimetoka mbali sana, lakini ni chuma kilekile tunachokiona katika jembe na shoka. Chuma ni elementi. Nikeli pia ni elementi. Binadamu hakuzitengeneza elementi hizo, alizikuta. Katika somo hili tutajifunza habari za elementi nyingine ambayo binadamu hakuikuta ardhini, bali aliitengeneza mwenyewe. Jina lake ni tekineti.

Elementi ni nini?

Vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Ndani ya kila atomu, katikati, mna chembe ndogo zaidi ziitwazo protoni. Idadi ya protoni ndiyo inayotofautisha elementi moja na nyingine. Atomu ya chuma ina protoni 26. Atomu ya nikeli ina protoni 28. Atomu ikiongezewa protoni moja, haiwi tena elementi ileile. Huwa elementi nyingine.

Kumbuka jambo hilo, kwani ndilo lililowawezesha wataalamu kuipata tekineti.

Nafasi iliyokuwa tupu

Mwaka 1869 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi zilizojulikana wakati ule katika jedwali. Alipomaliza kazi yake aliona kwamba nafasi nyingine zilikuwa tupu. Hakuzificha nafasi hizo. Alisema kwamba ziko elementi ambazo bado hazijaonekana, nazo zitakuja kuzijaza.

Nafasi moja iliyokuwa tupu ilikuwa chini ya mangani. Baadaye ilijulikana kwamba nafasi hiyo ni ya elementi yenye protoni 43. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliitafuta katika mawe na madini. Zaidi ya mara moja watu walitangaza kwamba wameipata, lakini wengine walipochunguza hawakuona kitu. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60 nafasi ile ilibaki tupu.

Kipande cha molibdeni

Mwaka 1936 mtaalamu wa Italia, Emilio Segrè, alitembelea maabara ya Ernest Lawrence huko Berkeley, Marekani. Lawrence alikuwa na mashine iitwayo saiklotroni. Mashine hiyo huzizungusha chembe ndogo sana kwa kasi kubwa, kisha huzirusha zikagonga kitu kilichokusudiwa.

Segrè aliomba apewe vipande vilivyokwisha kutumika katika mashine hiyo. Mapema mwaka 1937 Lawrence alimpelekea kwa posta kipande chembamba cha molibdeni. Atomu ya molibdeni ina protoni 42. Kipande hicho kilikuwa kimegongwa kwa muda mrefu na chembe zenye protoni moja moja. Je, unaweza kueleza kwa nini Segrè alikitaka? Hesabu ni rahisi: 42 ukiongeza 1, unapata 43.

Segrè na mwenzake, Carlo Perrier, walikichunguza kipande hicho katika Chuo Kikuu cha Palermo, nchini Italia. Elementi waliyoitafuta ilikuwamo, lakini ilikuwa kidogo mno hata isiweze kuonekana kwa macho. Waliitambua kwa sababu ilikuwa ikitoa mionzi. Hivyo mwaka 1937 nafasi ya 43 ilijazwa. Mwaka 1947 elementi hiyo ilipewa jina lake, ambalo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichotengenezwa.

Sifa za tekineti

Tekineti ni metali. Rangi yake ni ya kijivu na hung'aa kama fedha. Ikiachwa katika hewa yenye unyevu hufifia polepole. Ni nzito, na huyeyuka kwa joto kali la kiasi cha nyuzi 2,157 za Selsiasi. Kiasi kidogo cha mchanganyiko wenye tekineti kikitiwa katika maji, huzuia chuma kupata kutu. Hata hivyo hatuwezi kuitumia kulinda mabati ya nyumba zetu, kwa sababu ya sifa yake iliyo kubwa kuliko zote: tekineti ni nururifu.

Elementi nururifu ni ile ambayo atomu zake hazitulii. Kila atomu, wakati wake ufikapo, hutoa mionzi na kubadilika. Mionzi hiyo haionekani, haisikiki wala haina harufu. Tekineti ina aina nyingi, lakini hakuna hata aina moja iliyotulia.

Hii ndiyo sababu haikuonekana ardhini. Hata aina idumuyo kuliko zote hupungua nusu kila baada ya miaka ipatayo milioni 4. Dunia ina umri wa miaka ipatayo milioni 4,500. Ikiwa ilikuwapo tekineti wakati dunia ilipoanza, imekwisha kutoweka zamani sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu walipata kiasi kidogo mno katika mawe ya urani yaliyotoka nchi jirani ya Kongo. Tekineti hiyo haikuwa ya tangu zamani; hutokea ndani ya mawe hayo pale atomu za urani zinapopasuka zenyewe. Tena, mwaka 1952 mtaalamu Paul Merrill aligundua dalili za tekineti katika mwanga wa nyota fulani kubwa nyekundu. Kwa hiyo nyota nazo hutengeneza tekineti.

Kupungua kwa nusu

Mwaka 1938 Segrè na Glenn Seaborg waligundua aina ya tekineti ambayo leo hutumika katika hospitali nyingi duniani. Aina hii hupungua nusu kila baada ya saa 6. Tuseme imetayarishwa saa 12 asubuhi, nayo ni vipimo 80. Itapungua hivi:

Saa 12 asubuhi: vipimo 80.
Saa 6 mchana: vipimo 40.
Saa 12 jioni: vipimo 20.
Saa 6 usiku: vipimo 10.
Saa 12 asubuhi ya pili: vipimo 5.

Ukiifungia kabatini haisaidii. Ukiiweka penye baridi haisaidii. Hakuna njia ya kuizuia isipungue.

Jaribio

Vifaa: vizibo 64 vya chupa za soda, na kikapu.

1. Weka vizibo vyote ndani ya kikapu. Vitikise, kisha vimwage chini.
2. Ondoa vizibo vyote vilivyolala kifudifudi. Vihesabu vilivyobaki na uandike idadi yake.
3. Rudisha vilivyobaki kikapuni, ufanye tena vivyo hivyo mara tano.

Utaona kwamba kila mara hubaki karibu nusu. Hukuweza kujua tangu mwanzo ni kizibo kipi kitakachoondoka, lakini uliweza kukisia ni vingapi vitakavyobaki. Ndivyo zilivyo atomu za tekineti. Kila mmwago ni kama saa 6 kupita.

Kukamua dawa

Ikiwa dawa hii hupungua upesi namna hii, hospitali huipataje? Jibu lilipatikana katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wataalamu Walter Tucker na Margaret Greene walitumia aina ya molibdeni iliyo nururifu. Molibdeni hiyo hupungua nusu kila baada ya saa 66, nayo inapobadilika hugeuka kuwa tekineti.

Molibdeni hiyo hutengenezwa katika matanuri ya atomu. Afrika Kusini ina tanuri la namna hiyo huko Pelindaba. Molibdeni hutiwa katika chombo kilichozungushiwa madini ya risasi, ambayo huzuia mionzi isitoke nje. Kisha chombo hupelekwa hospitali. Mtaalamu akihitaji dawa, hupitisha maji ya chumvi ndani ya chombo. Maji huichukua tekineti na kuiacha molibdeni. Kesho yake tekineti nyingine huwa imekwisha kutokea, naye huichukua tena. Wataalamu hukiita chombo hicho ng'ombe, na kazi hiyo huiita kukamua. Ng'ombe huyu hukamuliwa kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hukauka na huhitajika mwingine.

Kazi ya tekineti hospitalini

Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, madaktari hutumia elementi nururifu kuchunguza wagonjwa. Tekineti huchanganywa na dawa inayojulikana kwamba hupenda kwenda mahali fulani mwilini. Iko dawa iendayo kwenye mifupa, nyingine figo, nyingine moyo. Tekineti yenyewe huenda pia kwenye tezi ya shingo, ambayo ikivimba huitwa rovu.

Mgonjwa hudungwa sindano yenye kiasi kidogo cha dawa hiyo. Kisha hulala chini ya kamera ya pekee. Kamera hii haitoi mionzi. Huipokea mionzi itokayo mwilini mwa mgonjwa, ikaonyesha dawa imekusanyika wapi. Hivyo daktari anaweza kuona kama saratani imeenea mifupani, bila kumpasua mgonjwa. Muda wa saa 6 unafaa sana kwa kazi hii: unatosha kupiga picha, wala mionzi haikai mwilini siku nyingi.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Tuseme dawa iliyotayarishwa Dar es Salaam inapelekwa Ihanda kwa gari, na safari inachukua saa 18. Itakapofika itabaki sehemu moja tu kati ya nane. Kwa sababu hiyo dawa haiwezi kumfuata mgonjwa. Mgonjwa ndiye huifuata dawa. Nazo nchi zisizo na matanuri ya kutengeneza molibdeni hutegemea nchi nyingine. Tanuri kubwa la Kanada liliposimama kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, na lile la Petten, Uholanzi, nalo likasimama kwa matengenezo mwaka 2010, hospitali nyingi duniani zilipungukiwa na dawa hii. Ng'ombe hawezi kuwekewa akiba ghalani kama mahindi.

Hadhari

Mionzi ikitumiwa na wenye ujuzi huokoa maisha. Ikiachwa ovyo huua. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu waliingia katika jengo la hospitali lililoachwa. Walichukua sehemu ya mashine ya kutibu saratani na kuivunja. Ndani yake mlikuwa na unga wa elementi nururifu iitwayo sesi. Gizani unga huo ulitoa mwanga wa buluu. Watu waliupenda, wakagawiana na kuupeleka majumbani mwao. Hawakujua walichokishika. Watu wanne walikufa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka sita.

Vyuma chakavu hununuliwa na kuuzwa katika miji yetu pia. Kwa hiyo jifunze kuitambua alama ya mionzi: ni duara dogo jeusi lililozungukwa na mabawa matatu, juu ya rangi ya njano. Ukiona kitu chenye alama hiyo kimetupwa, usikiguse, usikifungue, wala usikichukue hata kama kinang'aa. Ondoka mahali hapo, waonye wenzako, kisha mwambie mwalimu au mzazi wako. Wao watawaarifu viongozi. Katika nchi yetu, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo isimamiayo matumizi salama ya mionzi.

Chuma cha Kimondo cha Mbozi kilikuwapo kabla ya binadamu, nacho kingaliko. Tekineti ya hospitali iliyotayarishwa leo asubuhi, baada ya siku chache itakuwa karibu imekwisha yote. Lakini katika saa zake chache humwonyesha daktari mahali ugonjwa ulipojificha.

Maswali

1. Kwa nini atomu yenye protoni 43 haiwezi kuwa molibdeni?
2. Perrier na Segrè waliitambuaje tekineti, ingawa hawakuweza kuiona kwa macho?
3. Dawa ya tekineti ilikuwa vipimo 96 saa 12 asubuhi. Saa 6 usiku wa siku hiyo vitabaki vipimo vingapi?
4. Eleza kwa nini hospitali huletewa molibdeni badala ya tekineti yenyewe.
5. Rafiki yako ameokota kopo zito lenye alama ya mabawa matatu, naye anataka kuliuza. Utamwambia nini? Toa sababu.