Skrini ya pili mezani kwa mwalimu si anasa

Kila panapozungumzwa habari za teknolojia katika elimu humu nchini, mazungumzo humwelekea mwanafunzi na darasa lake. Serikali ilipoanza kupeleka tabiti katika shule za msingi mwaka wa 2016, swali lililotawala lilikuwa mtoto atapata nini. Ni nadra sana kuulizwa mwalimu huifanyia wapi ile nusu ya pili ya kazi yake, nusu isiyoonekana na mkaguzi wala mzazi, inayofanywa nyumbani usiku wakati wengine wamelala. Leo napenda tulitazame suala hilo kupitia kwa kitu kimoja ambacho wengi hukidharau: skrini ya ziada inayounganishwa na kipakatalishi.

Tumchukue mwalimu wa Dabaso, kando ya hori ya Mida, jirani ya Gede na Watamu. Kutwa amesimama darasani. Jioni, vyombo vya chakula vikishaondolewa, meza ile ile hugeuka ofisi. Hapo ataandaa maazimio ya kazi kwa kuifuata silabasi. Hapo atatunga andalio la somo la kesho. Hapo atajaza fomu za TPAD, ambazo Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kuwadai walimu kote nchini mwaka wa 2016. Na msimu wa tathmini ukiwadia, ni pale pale atakapoziingiza alama za wanafunzi, moja baada ya nyingine, katika mtandao wa Baraza la Mitihani.

Kazi zote hizo zina sifa moja. Kila moja hudai vitu viwili viwe mbele ya macho kwa wakati mmoja: silabasi na azimio, insha na mwongozo wa kusahihisha, orodha ya alama na fomu ya kuzijaza. Enzi za karatasi jambo hili halikuwa tatizo, kwa maana mwalimu alitandaza kitabu kushoto na daftari kulia, akaandika. Kipakatalishi kimeipunguza meza hiyo ikawa kioo cha inchi 14. Mwalimu hufungua orodha, akashika alama kichwani, akafunga, akafungua fomu, akaandika. Kisha akarudi tena kwenye orodha. Hufanya hivyo mara 50 kwa darasa moja. Je, ni ajabu gani ikiwa 67 itaandikwa 76, au alama ya mtoto mmoja ikaangukia mstari wa mwenziwe? Kosa la namna hiyo halimuumizi aliyelitenda. Humwumiza mtoto ambaye hakuwapo mezani usiku ule wala hana njia ya kujua.

Pana na dhara la mwili. Kipakatalishi kiliumbwa kwa ajili ya safari, si kwa ajili ya kukaliwa mbele yake saa nne kila usiku. Skrini yake imeunganishwa na kibodi, hivi kwamba ukikiweka chini shingo hupinda, na ukikiinua mikono huning'inia. Wazee wetu wa Pwani waliuweka msahafu juu ya marufaa. Walifanya hivyo kwa kuyaheshimu maandiko, na shingo ya msomaji ikafaidika papo hapo. Skrini ya pili huitekeleza kazi ya marufaa. Iweke mkabala nawe, ukingo wake wa juu uwe sawa na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, hata ikibidi uiegemeze juu ya kipande cha ubao. Dirisha au taa isiwe nyuma yake wala nyuma ya mgongo wako, bali ubavuni, ili mwanga usikuchome macho wala usimemetuke kiooni.

Kuiunganisha si kazi ya fundi. Vipakatalishi vingi vina tundu la HDMI, na skrini nyingi za miaka ya karibuni zina tundu kama hilo. Kebo moja yatosha. Skrini kuukuu aghalabu huwa na tundu la VGA, mtindo uliozuka mwaka wa 1987, nayo huhitaji adapta ndogo katikati. Kwa vipakatalishi vyenye tundu la USB-C pekee, ni vyema kuuliza kabla ya kununua kebo, maana si kila tundu la aina hiyo hupitisha picha. Baada ya hapo, katika mashine za Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha uchague kupanua. Hapa ndipo wengi hukwama. Huchagua kurudufu, wakaona picha ile ile mara mbili, wakasema skrini ya pili haina maana. Ukichagua kupanua, kila skrini hubeba kazi yake, na kipanya huvuka kutoka hii hadi ile mithili ya mtu avukaye mlango. Windows imekuwa na uwezo huo tangu mwaka wa 1998. Basi si jambo geni.

Watakuwapo watakaosema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ni ya kweli, lakini tuitumie mahali pake. Anayeshika mbili ni yule mwenye skrini moja, ambaye kila akifungua hili hulipoteza lile. Wengine watalalamikia umeme. Skrini ya inchi 22 ya aina ya LED hutumia takriban wati 25. Ukiiwasha saa nne kila usiku, ni usiku kumi ndipo itimie yuniti moja ya tokeni. Na umeme ukikatika, skrini ya pili huzimika, lakini kipakatalishi huendelea kwa betri, na kazi iliyokuwa wazi hurejea kwenye skrini yake. Kwa sisi tuishio karibu na bahari, adui aliye hatari zaidi ni hewa ya chumvi. Iwe mbali na dirisha, na ifunikwe kwa kitambaa ikishapoa.

Mwanafunzi pia asisahauliwe. Aandikaye insha huku maelezo yake yakiwa wazi ubavuni hujifunza kulinganisha, kunukuu kwa usahihi na kujisahihisha. Lakini na aelewe kwamba skrini ya pili iliyojaa filamu na kandanda ni mwizi aliyekaribishwa sebuleni.

Limebaki suala la gharama. Mwalimu mwenye karo za watoto wake hawezi kuambiwa anunue skrini mpya. Hata hivyo, katika shule nyingi zilizowahi kupata kompyuta za mezani, kasha la mashine ndilo lililokufa. Skrini yake ingali hai, imelala ghalani chini ya vumbi. Bodi za usimamizi wa shule, kwa nini zisizijaribu, zikaziorodhesha, na kuwaazima walimu kwa saini, kama vile vitabu vya maktaba viazimwavyo? Kwa asiyepata, ya mitumba itamfaa, mradi aione ikiwaka kabla ya kulipa, asikubali yenye mistari kiooni.

Tumemtwika mwalimu mzigo wa kazi za mtandao, tukamwachia meza ya chakula na kioo cha inchi 14. Skrini iliyolala ghalani haimfai mtu. Ikipelekwa nyumbani kwa mwalimu, mtoto ataandikiwa alama aliyoipata.