Baada ya Kuondolewa Titi: Mkono Usisahaulike

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote nchini Kenya, na kwa wengi wao matibabu huhusisha upasuaji wa kuondoa titi pamoja na baadhi ya tezi za kwapani. Mgonjwa hulazwa siku chache tu. Sehemu kubwa ya kupona hufanyika nyumbani, mikononi mwa jamaa ambao mara nyingi hawajaelezwa la kufanya.

Wengi huruhusiwa kuondoka wodini wakiwa bado na mrija mwembamba unaotoka chini ya ngozi hadi kwenye kichupa cha plastiki. Mrija huo huondoa majimaji yasijikusanye ndani ya kidonda. Kichupa humwagwa kila siku kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, na kiasi kilichotoka hupimwa na kuandikwa kwenye daftari. Daftari hilo lipelekwe kliniki, kwa kuwa daktari hulitumia kuamua siku ya kutoa mrija, mara nyingi majimaji yanapopungua hadi karibu mililita 30 kwa siku. Mshono ubaki safi na mkavu. Majivu, mitishamba na dawa ya meno visipakwe hapo kamwe.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mkono wa upande uliopasuliwa, na hapa kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kutousogeza kabisa. Mama huubana kifuani kwa leso akihofia nyuzi kukatika, na baada ya wiki chache bega limekauka. Hasara yake huonekana anapohitaji tiba ya mionzi: kwa kawaida mgonjwa hulala akiwa ameinua mkono juu ya kichwa bila kutikisika, na asiyeweza kuuinua huenda akacheleweshwa.

Kwa hivyo, daktari asipokataza, mazoezi mepesi huanza siku inayofuata upasuaji: kukunja na kukunjua ngumi, kukunja kiwiko, kunawa uso, kuchana nywele. Mrija ukiwa bado upo, kiwiko kisipite usawa wa bega. Ukishatolewa, mama husimama akitazama ukuta na kupandisha vidole polepole, akiweka alama ya chaki alipofika ili kesho apite hapo kidogo. Kuhisi ngozi ikivutika ni kawaida, lakini maumivu makali ni ishara ya kuacha.

Kosa la pili ni kurudi kazini mapema mno. Mtungi wa lita 20 una uzani wa kilo 20, ilhali kwa takriban wiki sita za kwanza mkono huo haufai kubeba kitu kizito kuliko birika la chai. Kuchota maji, kupasua kuni, kulima na kusonga ugali wa watu wengi ni kazi za wengine kwa muda huo, mume na vijana wa kiume wakiwemo. Jirani anayekuja kumjulia hali akiwa na mtungi wa maji amemfaa kuliko aliyeleta soda.

Tezi zikiondolewa, mkono unaweza kuvimba hata miaka mingi baadaye. Dalili ya mapema ni pete au bangili kubana, au mkono kuhisi mzito. Glavu wakati wa kupalilia husaidia kuzuia mikwaruzo, na mwiba ukichoma, mahali hapo paoshwe mara moja. Uvimbe hutibika vyema zaidi ukiripotiwa mapema.

Ganzi kwapani ni ya kawaida. Homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaosambaa au uvimbe wa ghafla chini ya mshono ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mguu mmoja kuvimba au kukosa pumzi.

Wanaotaka kujaza sidiria wanaweza kuanza na titi jepesi la kufumwa kwa uzi laini, kisha la silikoni kidonda kikipona kabisa.

Kidonda kufunga si mwisho wa matibabu. Baadhi huhitaji dawa za kemo au mionzi, na wengine tembe za homoni kwa miaka 5 au zaidi. Familia ihakikishe mchango wa SHA haujakatika, na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini ihifadhiwe. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji akionyeshwa barua hiyo, ataweza kumfuatilia mama nyumbani na kumkumbusha tarehe za kliniki.