Wembe au mashine ya umeme? Aina ya ndevu ndiyo huamua

Wanaume wengi husifu wembe kwa kuacha kidevu laini. Hata hivyo, kwa wenye ndevu za kipilipili ulaini huo ndio chanzo cha vipele: unywele uliokatwa chini ya ngozi hukua ukijikunja na kuichoma toka ndani. Mashine ya umeme huacha kishina kifupi, hivyo hupunguza balaa hilo, mradi isikandamizwe usoni. Chagua yenye betri ya kuchajiwa (umeme wetu twaujua) na ambayo makali yake hupatikana madukani, kwani huwa butu. Asiyeweza kuacha wembe alainishe ndevu kwa maji ya vuguvugu na povu, kisha anyoe kufuata zinakoelekea. Wala chombo chochote kisiazimwe: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7.