Mtoto wa jicho, presha ya macho na mboni: majina ya jicho na taswira zake

Mgonjwa anayeambiwa kuwa ana mtoto wa jicho hupokea mambo mawili kwa pamoja: jina la ugonjwa, na taswira ya jinsi ugonjwa huo ulivyo. Jina ni sahihi na limezoeleka Tanzania na Kenya, wala hakuna haja ya kulibadili. Taswira ndiyo inayohitaji kuangaliwa, hasa na mfasiri anayeandaa maelezo ya kusomwa na mgonjwa kabla ya upasuaji.

Katika Kiswahili, neno mtoto halimhusu binadamu peke yake. Mtoto wa meza ni droo, yaani kitu kidogo kilicho sehemu ya kikubwa na kinachokitegemea. Msikilizaji anaposikia mtoto wa jicho hudhani, na ni haki yake kudhani hivyo, kwamba kuna kitu kidogo kilichoota jichoni na kinachoendelea kukua. Ukweli wa kitabibu ni tofauti: hakuna kilichoongezeka. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo kwa kawaida ni angavu kama kioo safi. Protini zinazoijenga zinapobadilika, mara nyingi kwa sababu ya umri, lenzi hiyo huingia ukungu. Mwanga haupiti sawasawa, rangi hufifia, na taa za magari usiku humfanya mtu kiwi cha macho.

Tofauti hii ina matokeo. Mtoto hukua na kukomaa. Kwa hiyo taswira ya jina huafikiana vizuri na wazo kwamba mtoto wa jicho lazima aachwe akomae ndipo atolewe. Wazo hilo halikuzuliwa na wagonjwa. Zamani waganga wa macho wenyewe walisubiri hali hiyo ikomae. Upasuaji wa sasa hauhitaji kusubiri hivyo, na lenzi iliyoachwa hadi ikawa ngumu sana huweza kuifanya kazi ya daktari kuwa nzito zaidi. Vilevile, mgonjwa anayedhani kuwa kuna kitu kilichoota juu ya jicho hutarajia kibanduliwe au kiyeyushwe kwa dawa ya matone, jambo lisilowezekana. Mfasiri mwangalifu ataliacha jina kama lilivyo, kisha ataongeza sentensi moja ya ufafanuzi: “Lenzi iliyo ndani ya jicho lako imeingia ukungu, daktari ataitoa na kuweka nyingine ya bandia.” Sentensi hiyo inaondoa dhana ya kitu kilichoota bila kuligusa jina.

Jina hili lina usumbufu wa kisarufi pia. Wingi wake, watoto wa macho, haupendezi na huweza kueleweka vibaya. Ni afadhali kusema wagonjwa wenye mtoto wa jicho. Upatanisho wa nao hutofautiana: wapo wanaosema mtoto wa jicho anatibika na wapo wanaosema mtoto wa jicho unatibika, wakiwa na ugonjwa akilini. Katika maandishi rasmi, kutanguliza neno ugonjwa humaliza ubishi: ugonjwa wa mtoto wa jicho unatibika.

Mtoto wa jicho asichanganywe na chamba cha jicho. Chamba ni neno la zamani kwa utando au doa jeupe lililo juu ya jicho, kwa mfano kovu kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele kabisa. Hali zote mbili huonekana kwa weupe, lakini moja iko juu na nyingine iko ndani, na tiba zake si moja. Kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea kwenye konea ni jambo la tatu. Inashangaza kwamba kinyama hiki, ambacho kweli huota na kukua, ndicho kingestahili zaidi kuitwa mtoto.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika jina presha ya macho, linalotumika kwa glakoma. Kwa Waswahili wengi, presha ni ugonjwa wa shinikizo la damu. Mtu anayemeza vidonge vya presha anaweza kuamini kuwa macho yake nayo yanatibiwa kwa vidonge hivyohivyo. Na asiye na presha ya damu anaweza kujiona yuko salama. Shinikizo linalozungumzwa hapa si la damu, bali ni la majimaji yaliyomo ndani ya jicho, yanayotengenezwa na kupunguzwa wakati wote. Zaidi ya hapo, glakoma ni kuharibika kwa neva inayopeleka taarifa za jicho kwenye ubongo, na wapo wanaoipata ilhali shinikizo la majimaji hayo liko katika kiwango cha kawaida. Kwa sababu hizo istilahi glakoma, ingawa ni ngeni, yafaa itangulie katika maandishi ya kitabibu, na presha ya macho itajwe mara moja tu kwa ajili ya utambuzi. Ikumbukwe kuwa uoni uliopotea kwa mtoto wa jicho kwa kawaida hurudishwa kwa upasuaji, lakini uliopotea kwa glakoma haurudi. Mfasiri akiyachanganya magonjwa haya mawili, msomaji wake anaweza kungoja pale asipopaswa kungoja.

Si majina yote yanayopotosha. Vikope, jina la trakoma, linaelekeza mahali penyewe: ndani ya kope ndipo makovu hutokea, na hatimaye nywele za kope hugeuka na kukwaruza jicho. Usubi nao ni jina la mdudu aumaye, likapewa ugonjwa anaoueneza; ni fupi na linaeleweka kuliko upofu wa mtoni, ambalo ni tafsiri sisisi.

Mboni ina historia ya kuvutia. Shina la kale la Kibantu la kitenzi -ona lilikuwa na b, nayo bado husikika katika Kizulu, bona. Kiswahili kiliipoteza b hiyo, lakini nazali iliyotangulia iliihifadhi katika mboni, kama vile -wili inavyobaki na b katika mbili huku wawili wakiwa hawana. Mboni, basi, ni ndugu wa kuona. Kitabibu, ni tundu jeusi linalopitisha mwanga. Sehemu ya rangi inayolizunguka ni irisi. Anayesema “ana mboni za kahawia” anaizungumzia irisi. Katika hadithi hilo halina madhara, ila katika maelezo ya dawa ya kupanua mboni, maneno haya mawili yatenganishwe.

Mshipa nao huhitaji kivumishi au kihusishi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu. Likiachwa peke yake haijulikani ni upi. Chongo na kengeza hazilingani: mwenye chongo amepoteza jicho moja au uoni wake, mwenye kengeza ana macho yasiyoelekea pamoja. Ndiyo maana methali husema ukipenda, chongo huita kengeza. Kasoro kubwa hupewa jina la ndogo.

Miwani ya kuona mbali ni usemi wenye utata, kwani haubainishi kama mvaaji anaona mbali au hawezi kuona mbali. Ni salama kuandika: miwani ya mtu asiyeona vizuri vitu vya mbali. Mwisho ni neno maono, linaloingia katika tafsiri nyingi za kitabibu bila kualikwa. Maono ni njozi au mtazamo wa mambo yajayo. Kiongozi na nabii huwa nayo. Uwezo wa jicho ni uoni, na aliyepungukiwa nao ana uoni hafifu. Kwa hiyo “ajali ilimfanya apoteze maono” irekebishwe iwe “ajali ilimfanya apoteze uwezo wa kuona”.