Upana wa Boriti

Chumba changu cha Malindi, Unguja, ni chembamba. Wageni hudhani mjenzi alibaniwa uwanja. Sivyo, kilichoamua ni mti. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita tatu bila kupinda, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe zikafuata kipimo hicho. Marehemu baba, fundi wa chokaa, alikuwa akinilaza mkekani nizihesabu boriti za darini huku akinieleza: hizi zilikatwa Rufiji, zikapakiwa jahazini, na nyingine zikaendelea hadi Omani na Ghuba. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya huko ni ndugu wa vyetu.

Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kuwa nyumba ya vipande vilivyokatwa mbali ni jambo geni kwetu.

Wajapani waliigeuza kazi hiyo kuwa kiwanda. Nobuo Ishibashi, mwasisi wa Daiwa House, aliwakuta watoto mtoni hawataki kurudi nyumbani, kwa sababu nyumbani hawakuwa na pa kukaa. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Midget House, chumba cha kusomea kinachosimamishwa uani kwa saa tatu. Namwonea fahari mtu aliyewasikiliza watoto. Mwaka uliofuata ikazaliwa Sekisui House. Idadi ya watu ilipoanza kupungua Japani, wajenzi hao wakatafuta wateja ng'ambo. Mwaka 2024 Sekisui iliinunua kampuni ya Marekani, M.D.C. Holdings, kwa dola bilioni 4.9 hivi.

Sisi nasi ni wa ng'ambo, ila kwetu walikuja Wajerumani. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 walikuja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na ghorofa ndefu za Michenzani ni matunda ya mipango ya enzi hiyo. Leo Fumba kuna mji mpya wenye nyumba za mbao zinazounganishwa kwa vipande, nao umeanzishwa na Wajerumani. Mwaka 2022 walitangaza mpango wa Burj Zanzibar, jengo la mbao na zege la ghorofa 28.

Mimi nataka kitu kimoja: msumeno uwe hapa, na anayeushika awe kijana wa Unguja anayejua kwa nini kipande kimekatwa vile.

Mpwa wangu ni seremala. Juzi alipanda juu ya meza chumbani kwangu, akapima nafasi kati ya boriti na boriti, akaandika tarakimu kiganjani kwa kalamu. Kisha akaniuliza babu yake alikuwa akipima kwa kitu gani. Nikaunyoosha mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole.